Kemo baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo: maswali ambayo familia za Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo na wa ndugu wanaomhudumia, iwe wanahudhuria kliniki JOOTRH mjini Kisumu (ambayo wengi bado wanaiita Russia), hospitali kuu ya Nakuru iliyozoeleka kwa jina la PGH, au MTRH kule Eldoret. Haugusi saratani ya umio, ambayo ni nyingi upande huu wa nchi na mara nyingi huchanganywa na hii. Matibabu ya umio yana mpangilio wake.

Daktari alisema ametoa uvimbe wote. Kemo ni ya nini tena?

Daktari wa upasuaji hutoa anachokiona na anachoweza kukigusa: sehemu ya tumbo au tumbo lote, pamoja na tezi za limfu zinazolizunguka. Seli za saratani zilizoponyoka kabla ya siku ya upasuaji, zikapita kwenye damu hadi kwenye ini au zikadondokea kwenye utando unaofunika matumbo, hazionekani kwa macho wala kwa CT skani. Hizo ndizo hurudisha ugonjwa, na mara nyingi huurudisha ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza. Kemo huzifuata huko zilikojificha wakati zingali chache.

Inasaidia kwa kiasi gani hasa?

Inasaidia, na tunalisema hilo bila kusitasita. Ila haimsaidii kila mmoja, na familia ina haki ya kuambiwa hesabu ilivyo.

Utafiti unaoitwa CLASSIC, uliofanyika Korea Kusini, China na Taiwan, uliwafuatilia wagonjwa 1,035 wa hatua ya pili na ya tatu waliokuwa wamepasuliwa vizuri. Nusu walipewa kemo ya miezi sita, nusu wakafuatiliwa kliniki tu. Baada ya miaka mitano, katika kila wagonjwa 100 waliopewa kemo, 78 walikuwa hai. Katika kila 100 ambao hawakupewa, walikuwa hai 69. Kwa hiyo 69 wangefika hapo hata bila dawa, 9 zaidi wamefikishwa na dawa, na 22 hawakufika ijapokuwa walitibiwa. Hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mgonjwa yuko katika kundi lipi kati ya hayo matatu, na ndiyo sababu wote wa hatua hizo hushauriwa wapate kemo.

Japani walipata picha inayokaribia hiyo katika utafiti wa ACTS-GC: wagonjwa 1,059, wakitumia kidonge kiitwacho S-1 kwa mwaka mmoja. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa karibu 72 kwa 100, dhidi ya 61 kwa waliopasuliwa tu. Watafiti walipokusanya pamoja tafiti 17 za mabara mbalimbali, zenye wagonjwa 3,838, tofauti ilikuwa ndogo zaidi lakini haikupotea: 55 kwa 100 dhidi ya 50.

Usizichukue takwimu za Asia kama ahadi kwa mgonjwa wa Siaya au Njoro. Kule wengi hugunduliwa mapema na upasuaji wa tezi hufanywa na watu wanaoufanya kila siku, kwa hiyo wanaanzia mahali pazuri zaidi. Kinachohamishika hadi hapa ni kwamba dawa hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Kupunguza huko kunategemea mambo matatu ambayo familia inaweza kuyafuatilia: tezi zilitolewa na kuhesabiwa, dawa ilianza kwa wakati, na mgonjwa aliweza kuendelea nayo.

Je, kila aliyepasuliwa anahitaji kemo?

Hapana. Saratani iliyoishia kwenye tabaka za juu za ukuta wa tumbo bila kufika kwenye tezi (kwenye ripoti utaona T1 N0; T ni kina cha uvimbe, N ni tezi) haihitaji, kwa kuwa hatari ya kurudi ni ndogo na madhara ya dawa yangekuwa makubwa kuliko faida. T2 N0 hujadiliwa mtu kwa mtu. Hatua ya pili na ya tatu, hasa tezi zikiwa zimeingiliwa au ukuta umepenywa hadi nje, ndizo zenye faida iliyothibitishwa. Kama saratani imekwisha kusambaa hadi kwenye ini au mapafu, kemo bado inaweza kutolewa, lakini lengo lake hubadilika kuwa kumpunguzia mgonjwa dalili na kumwongezea muda. Takwimu za hapo juu hazimhusu huyo.

Tuangalie nini kwenye ripoti ya patholojia?

Mwombeni daktari nakala na muiweke kwenye faili yenu wenyewe, si ya hospitali peke yake. Ripoti ieleze kina cha uvimbe (T), tezi ngapi zimeingiliwa (N), na kama kingo za kipande kilichokatwa ni safi. Kisha tafuteni idadi ya tezi zote zilizochunguzwa. Namba hiyo mara nyingi hurukwa, na ndiyo tunayoisisitiza zaidi. Zinatakiwa zisipungue 15 au 16. Ripoti ikisema "tezi 4, zote safi", hiyo si habari njema kama inavyosikika. Inamaanisha hakuna ajuaye hali ya tezi zilizobaki, na mgonjwa anayeitwa wa hatua ya pili anaweza kuwa wa hatua ya tatu. Katika hali hiyo madaktari wengi huelekea kupendekeza kemo hata pale ambapo hatua iliyoandikwa ingeleta shaka.

Wakati mwingine tezi zilikuwepo ila hazikutafutwa. Inafaa kumwomba daktari awasiliane na maabara ili kipande kikaguliwe upya, kwani maabara huhifadhi mabaki kwa muda fulani tu.

Jambo jingine linaloharibika kabla hata ya maabara: katika hospitali nyingi ndugu ndiye hukabidhiwa kopo lenye kipande alipeleke kwenye maabara ya nje. Hakikisheni kimewekwa kwenye formalini ya asilimia 10 siku ile ile, kwenye kopo kubwa ambalo dawa inakifunika vizuri. Kanuni ni formalini mara kumi ya ujazo wa kipande. Maji ya chumvi hayahifadhi. Tumbo zima lililobanwa kwenye chupa ndogo, likakaa wikendi nzima kabla ya kusafirishwa, huoza katikati, na ripoti yake haitakuwa ya kutegemewa.

Kama uwezo upo, ombeni pia kipimo cha MSI au cha protini za MMR, kinachoonyesha kama seli za saratani zimepoteza uwezo wa kurekebisha makosa kwenye DNA yake. Wachache ambao saratani yao ina MSI ya juu hupona vizuri zaidi baada ya upasuaji, na huonekana kunufaika kidogo sana na kemo ya kawaida. Kwao uamuzi unaweza kuwa tofauti kabisa.

Kemo ianze lini?

Kidonda kikishapona na mgonjwa akishaanza kula na kutembea mwenyewe, kwa kawaida wiki ya 4 hadi ya 8. Katika CLASSIC na ACTS-GC walianza ndani ya wiki 6. Kuanza kabla mshono wa ndani haujashika ni hatari. Kuchelewa kupita wiki 12 hupunguza faida, ingawa hakumaanishi mlango umefungwa, nendeni mkajadiliane.

Tunayoyaona yakichelewesha watu huku kwetu si kidonda. Ni ripoti iliyokaa maabara bila mtu wa kuifuata, na miadi ya kliniki ya saratani ambayo familia ilidhani daktari wa upasuaji ataipanga. Siku mnapotoka wodini, ulizeni nani anafuata ripoti, na mtoke na barua ya rufaa mkononi. Msisubiri mwito wa simu.

Ni dawa gani, na kiasi gani?

Mpango unaotumika sana baada ya upasuaji ni kapesitabini (vidonge) pamoja na oksaliplatini (dripu). Mzunguko mmoja ni siku 21, na mizunguko ni minane, yaani karibu miezi sita. Siku ya kwanza mgonjwa hutundikiwa oksaliplatini kwa takriban saa mbili. Vidonge humezwa asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha siku 7 za kupumzika.

Kiasi hupimwa kwa eneo la mwili. Zidisha urefu kwa sentimita na uzani kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mama mwenye urefu wa sentimita 165 na kilo 56 anapata mita za mraba 1.6. Oksaliplatini ni miligramu 130 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo atapewa 208. Kapesitabini ni miligramu 1,000 kwa kila mita ya mraba, mara mbili kwa siku; hiyo ni 1,600, na kwa kuwa vidonge ni vya miligramu 500, atameza vitatu asubuhi na vitatu jioni. Vidonge 84 kwa mzunguko. Hesabu hii inafaa kuijua kwa sababu moja: mtu aliyetolewa tumbo hupungua uzani haraka, na dozi iliyokokotolewa kwa kilo za kabla ya upasuaji itakuwa kubwa mno kwake. Apimwe uzani kila mzunguko, na uzani ukishuka kwa asilimia 10, dozi ikokotolewe upya.

Vidonge humezwa ndani ya dakika 30 baada ya chakula, kwa maji. Dozi ikisahaulika, iacheni; usimpe mara mbili ili kufidia. Akitapika baada ya kumeza, usirudie. Oksaliplatini huchanganywa kwenye dripu ya glukosi ya asilimia 5, kamwe si kwenye maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi huiharibu. Wauguzi wa kitengo cha saratani wanalijua hili. Ni la kuuliza pale dawa inapotundikwa kwenye wodi ya kawaida kwa sababu kitengo kimejaa.

Mgonjwa asiyeweza kustahimili dawa mbili hupewa kapesitabini peke yake, au 5-FU ya dripu kama vidonge havishuki.

Vipimo gani vifanywe kabla ya kila mzunguko?

Hesabu kamili ya damu, figo na ini, siku moja au mbili kabla. Kwa kawaida neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) ziwe angalau 1.5 na chembe sahani (za kugandisha damu) angalau 75 (vituo vingine hutaka 100). Zikiwa chini, mzunguko huahirishwa kwa wiki moja. Kuahirisha wiki moja si kushindwa, wala hakuharibu tiba. Figo zikiwa zimepungua nguvu, kapesitabini hupunguzwa hadi robo tatu, na zikiwa dhaifu sana haitolewi kabisa.

Kabla ya mzunguko wa kwanza kabisa, apimwe pia homa ya ini aina ya B. Kemo inaweza kuamsha virusi vilivyolala, na dawa ya kuvizuia ni ya kawaida hospitalini.

Ana joto mwilini. Si ni malaria tu?

Hapa ndipo wagonjwa wa Kisumu, Siaya, Busia na Homa Bay wanapotuponyoka, na tunaomba jibu hili lisomwe na kila mtu aliye nyumbani.

Kemo hupunguza neutrofili, askari wa damu wanaopambana na bakteria. Huwa chini zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo maambukizi madogo yanaweza kuingia kwenye damu na kumuua mtu ndani ya saa chache, na dalili pekee huwa joto. Hakuna usaha wala uvimbe, kwa sababu seli zinazotengeneza usaha hazipo. Nyumbani watu husema ni malaria, wananunua AL kwenye duka la dawa, wanampa Panadol joto linashuka, na asubuhi mgonjwa hazungumzi.

Nunueni kipimajoto cha kidijitali siku ile ile mnapoanza kemo. Joto likifika 38, mpelekeni hospitali usiku huo huo, hata kama anasema anajisikia nafuu. Pimeni kabla ya kumpa Panadol, kwa kuwa Panadol huficha joto. Mkifika, neno la kwanza liwe: "Huyu yuko kwenye kemo, amepata dripu tarehe fulani, ana joto." Onyesheni kadi. Anahitaji hesabu ya damu na antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Apimwe malaria pia, maana anaweza kuwa nayo kweli. Lakini kipimo cha malaria kikisoma chanya, hakiondoi hitaji la hesabu ya damu. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kama mnaishi mbali na barabara, panga usafiri kabla. Mjue ni boda gani au gari la jirani gani litatoka saa nane za usiku, na hospitali ya karibu yenye maabara ya usiku ni ipi. Si lazima iwe ile inayotoa kemo. Dozi ya kwanza ya antibiotiki inaweza kutolewa popote, kisha rufaa ifuate.

Akishika kitu baridi vidole vinachoma, na koo linabana. Kuna hatari?

Ni oksaliplatini. Hushtua mishipa ya fahamu, na baridi huichochea. Hutokea saa au siku chache baada ya dripu, na hupita. Hisia ya koo kubana hutisha, lakini njia ya hewa huwa haijaziba. Anywe kitu cha vuguvugu na atulie. Kwa siku tano hivi asinywe maji ya friji wala soda baridi, asichote maji ya mtungi kwa mikono mitupu. Asubuhi za Molo na Kericho juu kule zina baridi ya kutosha kuleta shida; afunike mdomo kwa leso na avae glavu na soksi.

Ganzi inayobaki hadi mzunguko unaofuata ni jambo jingine. Hiyo hujijenga dozi baada ya dozi, na kuanzia mzunguko wa sita hivi inaweza kuwa ya kudumu. Akishindwa kufunga vifungo vya shati, akaangusha vikombe au kujikwaa gizani, mwambieni daktari kabla dripu haijatundikwa. Kinachofanyika ni kupunguza au kuacha oksaliplatini na kumalizia na vidonge peke yake. Wazee wetu wengi huvumilia kimya wakidhani kulalamika kutawanyima dawa. Fundi, mshonaji au mvuvi aliyepoteza hisia za vidole amepoteza kazi yake, na hilo lingeweza kuepukwa.

Dripu zikishazoeleka pia anaweza kupata mzio wa ghafla: viganja kuwasha, uso kuwaka, kifua kubana. Amwite muuguzi papo hapo, wala asisubiri dripu iishe.

Kuhara, kutapika, na viganja kuwa vyeusi?

Kuhara ndiko kwa kuogopwa zaidi. Akienda choo mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, asimeze kapesitabini tena hadi azungumze na kliniki. Apewe ORS, na loperamidi vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja kila baada ya choo cha majimaji, visizidi vinane kwa siku. Kukiwa na joto au damu, ni hospitali moja kwa moja. Wapo wachache ambao miili yao huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha DPD kinachovunja kapesitabini. Kwao, kuhara kukali, vidonda vya mdomo na damu kushuka huja mapema, katika mzunguko wa kwanza. Kuendelea kumeza "ili amalize dozi" kunaweza kumuua.

Maumivu ya kifua akiwa kwenye kapesitabini: acha vidonge, nenda hospitali, na visianzishwe tena bila daktari kuamua.

Kutapika kuna dawa nzuri. Ondansetroni na deksamethasoni hutolewa kabla ya dripu. Ikiwa bado anatapika nyumbani, ulizeni kuhusu olanzapini ya miligramu 5 usiku. Ni ya bei nafuu, inafanya kazi, na inasinzisha, jambo ambalo kwa asiyelala si baya.

Viganja na nyayo kuwa vyeusi ni kawaida kwa ngozi yetu na si dalili ya ugonjwa. Vikianza kuuma, kuvimba au kupasuka, dozi isimamishwe na ipunguzwe. Vaseline mara tatu kwa siku tangu siku ya kwanza, viatu vilivyolegea, na asifue kwa mikono kwa maji moto.

Ale nini, na tumbo halipo?

Milo sita midogo badala ya mitatu mikubwa. Sahani ya ugali aliyoizoea haitaingia. Kipande cha ukubwa wa yai, pamoja na samaki au mayai mawili, kinatosha kwa mara moja. Protini ianze, ugali ufuate. Omena iliyosagwa kwenye uji wa wimbi, ngege aliyechemshwa, ndengu laini, karanga za kusaga, ovakado: hivi hubeba nguvu nyingi katika kiasi kidogo. Anywe nusu saa kabla au baada ya kula, si pamoja na chakula.

Chai yenye sukari nyingi, soda na uji mtamu huleta shida ya pekee: sukari hushuka ghafla kwenye utumbo, na ndani ya nusu saa mtu anatoka jasho, moyo unapiga mbio, anahara. Ndugu hudhani ni kemo. Punguzeni sukari na alale kidogo baada ya kula. Mursik au maziwa ambayo hayakuchemshwa yasubiri hadi kemo iishe, kwa ajili ya bakteria. Pombe pia, busaa ikiwemo.

Kupungua uzani ndiko hukatiza kemo za watu wengi waliopasuliwa tumbo. Akipoteza kilo mbili kati ya mzunguko mmoja na mwingine, mwone mtaalamu wa lishe sasa.

Anatumia ARV. Anaweza kupata kemo?

Anaweza, na faida ni ile ile. Asiache ARV hata siku moja. TLD (tenofovir, lamivudini na dolutegravir) haina ugomvi mkubwa na dawa hizi, na tenofovir na lamivudini zilizomo huzuia pia homa ya ini B. Ikiwa bado yuko kwenye zidovudini, inafaa ibadilishwe, kwani nayo hupunguza damu. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wengi huhitaji baada ya upasuaji, vikimezwa pamoja na dolutegravir bila chakula huizuia isifyonzwe; ameze vyote pamoja na chakula, au TLD saa mbili kabla ya chuma.

Mwambieni daktari pia kuhusu warfarini (ya kuzuia damu kuganda) na fenitoini (ya kifafa), kwa sababu kapesitabini huzipandisha mwilini hadi kiwango cha hatari. Asidi ya foliki huongeza makali ya kapesitabini. Msiinunue wenyewe "kuongeza damu".

Na dawa za mitishamba?

Tunaelewa kwa nini watu huzitafuta, na hatumfukuzi mtu kliniki kwa sababu hiyo. Semeni tu mnatumia nini. Mchanganyiko usiojulikana unaweza kuumiza ini, na ini likipanda kwenye vipimo, kemo itasimamishwa bila mtu kujua chanzo. Kwa miezi hii sita tunashauri ziwekwe kando.

Mzee wetu ana miaka 76. Si tumwache apumzike?

Umri peke yake hauamui. Ulizeni: anatembea mwenyewe hadi sokoni? Anaoga na kuvaa bila msaada? Figo zikoje? Mzee anayelima shamba lake anaweza kustahimili kapesitabini peke yake, au dawa mbili kwa dozi iliyopunguzwa. Mwenye miaka 60 anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya siku ataumizwa na kemo kuliko kusaidiwa. Na mzee aulizwe mwenyewe, akiwa peke yake na daktari kama anapenda. Kukataa baada ya kuelezwa vizuri ni uamuzi wa kuheshimiwa.

Tumesikia kemo hutolewa kabla ya upasuaji. Je, tulikosea?

Hamkukosea. Ulaya sasa huanza na kemo, wakapasua, kisha wakaendelea. Utafiti wa Uingereza wa MAGIC wa mwaka 2006 ulipandisha walio hai baada ya miaka mitano kutoka 23 hadi 36 kwa 100, na mpango wa FLOT wa Ujerumani, wenye mizunguko minne kabla na minne baada, umekuwa bora zaidi. Mantiki yake inaeleweka: kabla ya upasuaji mtu bado ana nguvu. Katika MAGIC, ni karibu 4 tu kati ya 10 waliomaliza mizunguko yote, wengi wakikwama baada ya kisu. Lakini mgonjwa anayefika akiwa anatapika damu, au njia ya chakula imeziba, hupasuliwa kwanza, na huku kwetu hao ni wengi. Aliyepata FLOT kabla aendelee nayo baada, si kubadilishiwa bila sababu.

Je, mionzi inahitajika?

Mara nyingi hapana, kama tezi zilitolewa vizuri. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulionyesha faida ya kemo na mionzi, lakini ni mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa ametolewa tezi kikamilifu. Tafiti za baadaye kwa waliopasuliwa vizuri hazikuonyesha nyongeza. Mionzi hufikiriwa pale kingo zilipobaki na saratani au tezi chache mno zilitolewa.

Dawa imekosekana, au amechoka katikati. Alichopata kimepotea?

Hapana. Hata katika CLASSIC, ni theluthi mbili tu waliomaliza mizunguko yote minane. Kupunguza dozi ni bora kuliko kukata, na kukata kwa sababu ya madhara mazito ni bora kuliko kulazimisha. Dawa ikikosekana duka la hospitali, ombeni karatasi ya dawa na muulize vituo vingine kabla ya siku ya miadi. Msinunue vidonge mitandaoni au kwa mtu asiye na duka lililosajiliwa.

SHA inalipa?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na kemo imo. Kikomo ni cha kaya nzima kwa mwaka, si cha mtu mmoja. Kikiisha, kuna mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo ulizeni dawati la SHA hospitalini kiasi kilichobaki kila mara. Mzunguko huhitaji idhini kabla ya dawa kutolewa. Pelekeni ripoti ya patholojia, mpango wa matibabu uliosainiwa na daktari, na kitambulisho, siku kadhaa kabla ya miadi. Mchango uliochelewa ndio huwarudisha watu nyumbani mara nyingi, hasa wasio na mshahara ambao hulipa kwa mwaka. Angalieni tarehe ya mwisho isije ikaangukia mzunguko wa tano.

Kemo imekwisha. Sasa?

Kliniki kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili, kisha kila miezi 6 hadi 12 hadi mwaka wa tano. CT skani hufanywa dalili zikidai. Rudini mapema akianza kupungua uzani tena, tumbo likijaa maji, macho yakiwa ya manjano au chakula kikikwama.

Aliyetolewa tumbo lote anahitaji sindano ya vitamini B12 maisha yake yote, mara nyingi mikrogramu 1,000 kila mwezi au kila miezi mitatu. Akiba ya ini hudumu muda mrefu, ndiyo maana upungufu huja akiwa amekwisha kusahau: uchovu, ulimi kuuma, miguu kufa ganzi. Ganzi hiyo husingiziwa oksaliplatini, ilhali B12 inatibika kwenye zahanati yoyote. Ndugu wa damu, hasa wenye vidonda vya tumbo vya muda mrefu, wapimwe bakteria wa H. pylori na watibiwe wakipatikana nao.